Kisu Kisichopotea

Kabla ya kuwa mzamiaji, Fundo alikuwa mfunga mizigo. Kwa miaka kumi na mmoja alisimama ndani ya ghala lenye joto la tanuri akifunga marobota ya nguo, na jina lake alilipata humo, wala halikuwa la kejeli. Robota lililopita mikononi mwake lilianguka kutoka kwenye lori, likabingirika, likanyeshewa, likakanyagwa, na likafika lilikokuwa likienda kamba ikiwa vilevile. Waliolipokea hawakujisumbua kufungua. Walikata tu, na wengine walituma salamu.

Ghala lilipofungwa, kampuni ya vivuko ilikuwa inatafuta mtu anayejua kuogelea na asiyeogopa giza. Fundo alikuwa na sifa moja na nusu. Akafundishwa, akazoea, na sasa ana miaka hamsini na miwili, na kumi na tisa ya mwisho ameimalizia chini ya matumbo ya vivuko. Kazi yenyewe si ya kupigia picha. Hakuna samaki wa rangi wala maua ya baharini. Kuna maji ya kijani yaliyochanganyika na mafuta, kuna vikombe vya konokono vilivyoganda kwenye chuma vikingoja kukwanguliwa, na kuna propela, lile pangaboi kubwa la kusukuma chombo, ambalo hunasa kila takataka ya bandari: kamba, magunia, nyavu, na siku moja godoro zima na foronya yake.

Vitu hivyo Fundo huvikata kwa msumeno mfupi. Msumeno haukai naye. Huteremshiwa kwa kamba na shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye kazi yake ni kukaa ukingoni mwa gati akiwa ameshika kamba nyingine, ya ishara. Fundo akivuta mara moja, maana yake yuko salama. Mara mbili, teremsha msumeno au uupandishe. Mara tatu, nivute. Mara nne, kuna balaa. Kwa miaka yote hiyo mara nne haijawahi kuvutwa, na shemeji husema ndiyo maana watu wa ofisini wanadhani yeye anavua samaki.

Sasa tuje kwenye kisu. Mzamiaji habebi kisu kwa ajili ya kazi. Hukibeba kwa ajili ya nafsi yake, ili akinaswa ajikate atoke kabla mtungi wa hewa haujaisha. Ni kitu cha kubebwa miaka na kuhitajika dakika moja, na Fundo alikuwa na tabia mbaya ya kukipoteza katika ile miaka. Cha kwanza alikiweka juu ya usukani wa kivuko, ule wa chini ya maji, ili atumie mikono yote miwili, akapanda juu kunywa chai, na kivuko kikaondoka nacho. Cha pili kilichomoka kwenye ala yake chenyewe, bila kuaga.

Afisa usalama wa kampuni, mwanamke wa makamo mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye wote walimwita Bi Usalama, alichoka kusaini barua za visu. Akabandika tangazo mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo: mzamiaji atakayepoteza kisu cha tatu atahamishiwa stoo.

Stoo kila mtu aliijua. Ni chumba kisicho na dirisha, kina makopo ya rangi, matambara na karani mmoja aliyezoea kuongea na makopo. Fundo aliisoma ile karatasi mara mbili. Nchi kavu alikuwa mzee mwenye magoti mabovu na sikio moja zito. Chini ya maji hakuwa na uzito wala umri, na hakuna aliyemwambia ajibu kwa sauti. Kumpeleka stoo ilikuwa sawa na kumzika na kumwachia funguo. Aliogopa kweli, na mtu mwenye hofu ndiye hufanya mambo ya ajabu.

Akapewa barua ya kwenda dukani kuchagua kisu cha tatu. Shemeji akaandamana naye.

Muuza vifaa vya kuzamia alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Alisoma barua, akatoa chini ya kaunta kisu kidogo cha urefu wa kiganja, butu kwenye ncha, upande mmoja makali laini na upande mwingine meno.

"Hiki hapa," alisema. "Meno ya kamba, makali laini ya uzi. Ncha butu ili usijichome wala usitoboe jaketi lako la hewa. Na kinakaa kifuani. Mkono wa kulia unakifikia, wa kushoto unakifikia."

Fundo alikigeuzageuza. "Hiki cha kumenyea vitunguu."

"Hata vitunguu kitamenya, mzee wangu."

"Nataka kisu."

Muuza vifaa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kama mtu anayejipa nafasi ya kuwa na subira. Kisha akamfuata Fundo kwa macho hadi kwenye kabati la kioo, ambako kilining'inia kitu cha urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, cheusi, chenye ncha ya kutisha, meno mgongoni na mpini wenye pembe mbili. Kilikuja na ala ya plastiki na mikanda miwili ya mpira ya kufungia mguuni.

"Hicho hununuliwa na watu wanaopiga picha," muuza vifaa alisema. "Unakifunga nje ya shavu la mguu, kila kamba inayopita inakisalimia. Na ukinaswa mguu, utakifikiaje?"

"Mimi si wa kunaswa," Fundo alisema. "Kidogo kinapotea. Kikubwa hiki kikidondoka hata kiziwi atakisikia."

"Chini ya maji?" shemeji aliuliza.

Fundo alikwishakifunga mguuni juu ya suruali na alikuwa anajitazama kwenye kioo cha duka, ubavu, kisha ubavu wa pili.

Nyumbani, mkewe alikuwa kwenye cherehani. Mama Pacha ni fundi wa nguo, na sebule yao ndiyo karakana yake: meza ya kukatia, cherehani ya miguu, tambara la pini, na mkasi mkubwa ambao hakuna kiumbe anayeruhusiwa kuukatia karatasi. Pacha wenyewe walikwishakua na kwenda kusoma mbali, lakini sheria ya mkasi ilibaki. Alipoona kile kitu mguuni mwa mumewe alisimamisha cherehani.

"Baba Pacha, unakwenda kuchinja nini huko chini?"

"Ni cha usalama."

"Usalama wa nani?"

Fundo aliingia chumbani kukitoa, na Mama Pacha akamgeukia mdogo wake. Shemeji, ambaye hawezi kuficha kitu mbele ya dada yake, alieleza yote aliyosema muuza vifaa: kidogo, butu, kifuani, mikono yote miwili. Mama Pacha alisikiliza akiwa na pini midomoni, hakusema kitu. Hiyo kwake ni dalili ya kuanza kazi.

Siku ya pili yake Fundo alifanya lile jambo. Alikaa pale gatini juu ya ndoo iliyofudikizwa, akatoa uzi wa nailoni uliopakwa nta, na akafunga mpini wa kisu kwenye ala yake. Hakuufunga hivihivi. Aliufunga kama robota la kwenda safari ya miezi mitatu: mizunguko saba, fundo juu ya fundo, akavuta kwa meno, akachoma ncha kwa kiberiti. Kisha akatikisa. Kisu hakikutikisika. Kwa mara ya kwanza tangu lile tangazo libandikwe, Fundo alicheka.

Shemeji alikuwa anaangalia. "Na ukikihitaji?"

"Nitafungua."

"Si unasema fundo lako halifunguki?"

"Halifunguki kwa watu."

"Na wewe ni nani?"

"Wewe shika kamba yako, shemeji."

Ilipita miezi mitano. Fundo alizama na kupanda, akakwangua, akakata kwa msumeno, na kisu kikawa mguuni kila siku kikimetameta. Alikiosha kwa maji baridi, akakipaka mafuta juu ya ala, maana ndani hakukuwa na njia ya kufika. Bi Usalama alipopita na daftari kuuliza visu, Fundo alinyanyua mguu wake mezani kabla hajaulizwa. Wenzake wawili walikwishapoteza vyao. Yeye akawa mfano wa kuigwa, na alijua.

Lakini Mama Pacha hakuwa amesahau. Juu ya suti yake ya mpira Fundo huvaa kizibao cha turubai, ili vikombe vya konokono visimchane. Asubuhi moja alikikuta kizibao hicho kimeshonewa mfuko kifuani, mfuko mzuri, wenye kifuniko na kishikizo, wa rangi ya chungwa inayoonekana kutoka upande wa pili wa bandari. Ulikuwa mtupu.

"Nunua kile kidogo ukiweke hapo," mkewe alisema. "Kikubwa chako kaa nacho mguuni, sikukatazi."

"Mama Pacha, nitaonekana muuza njugu."

"Kwa nani? Huko chini kuna nani?"

Fundo alikikunja kizibao, na mke akadhani amekubali.

Alasiri hiyo mke alipotoka kwenda kumpima mteja, Fundo alikaa kwenye kiti chake, akachukua kifumulio, kile kidude chembamba cha kufumulia mshono, chenye ncha iliyogawanyika na kidoti chekundu upande mmoja, na akaanza kuufumua ule mfuko. Alimaliza upande wa juu. Akamaliza nusu ya upande wa kushoto. Ndipo akasikia lango. Mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, baba wa watu wawili, alirusha macho huku na huku kama mtoto aliyekutwa na sukari mkononi. Akakisukumiza kifumulio ndani ya kile kilichobaki cha mfuko, akafunga kishikizo, akaviringisha kizibao, akakitia kwenye begi la kazi.

Baada ya dakika kumi Mama Pacha aliuliza, "Kifumulio changu kiko wapi?"

"Sijakiona," alisema Fundo. Na hapo ndipo alipojifunga fundo la pili.

Ukitaka kujua nyumba ya fundi cherehani bila kifumulio inakuwaje, omba usijue. Mama Pacha alitafuta chini ya godoro, ndani ya unga, kwenye mifuko ya nguo za wateja. Akaanza kufumulia wembe, akajikata kidole gumba. Kifumulio kile alipewa na bibi aliyemfundisha kazi, na alikuwa nacho tangu kabla ya kuolewa. Jioni, mezani, aliweka kijiko chini akamtazama mdogo wake.

"Leo asubuhi ulikaa karibu na cherehani."

"Dada, mimi nifanye nini na kifumulio?"

"Ulisafishia meno mara ya mwisho."

Hilo lilikuwa kweli, miaka minane iliyopita, na halikuwa limesamehewa. Shemeji alinyanyuka, akaaga kwa heshima, na akaambiwa asirudi mezani hapo mpaka kifumulio kirudi. Fundo alikuwepo. Alikuwa na tonge mkononi. Angeweza kusema wakati ule na ingekuwa kicheko cha dakika mbili. Hakusema, alimeza tonge. Kesho yake kusema kulikuwa kugumu zaidi, na keshokutwa yake zaidi, na kukirudisha kwa siri kusingewezekana, maana hapakuwa na pa kukiweka ambapo mkewe hajapekua. Kwa siku nane kikakaa kwenye kizibao, na kizibao kwenye begi, kwa sababu wiki hiyo hapakuwa na kazi ya maji. Wazamiaji walipewa maboya ya kupaka rangi. Shemeji alikula mkate mkavu gatini kila mchana, akimwangalia Fundo akifungua chakula kilichopikwa na dada yake.

"Kizuri?" alikuwa anauliza.

"Kina chumvi nyingi," Fundo alikuwa anasema, kwa huruma.

Siku ya tisa kivuko kikubwa kilirudi kikikohoa. Propela ilikuwa imemeza wavu. Fundo alivaa suti, akavaa kizibao, na lile lifuko la rangi ya chungwa likiwa limeachia upande mmoja na nusu, likining'inia kifuani kama sikio la mbuzi. Akafunga mtungi mgongoni na kisu mguuni, akaingia.

Kazi haikuwa ngumu. Kamba nene aliikata kwa msumeno, sehemu kubwa ya wavu ikaachia, akavuta ishara mara mbili na msumeno ukapandishwa. Alibaki kukusanya kipande cha mwisho, wavu mwembamba wa nailoni uliokuwa unaelea kama pazia. Akageuka kuufuata. Pembe ya mpini wa kisu, ile pembe nzuri, ikaingia kwenye tundu la wavu.

Alipiga mguu ajitoe, na tundu moja likawa matatu. Akapiga tena, na wavu ukamviringia mpaka pajani. Mguu wa kulia ukavutwa nyuma na juu, kuelekea kwenye propela, akabaki ananing'inia kama shati kwenye kamba ya kuanikia. Sawa, akawaza, ndiyo maana tuna kisu. Akanyoosha mkono. Vidole viliishia gotini. Akajikunja mpaka mbavu zikalia, ncha ya kidole ikagusa uzi uliopakwa nta, mizunguko saba, fundo juu ya fundo, na hata katika hali ile alitambua kwamba ni kazi safi sana.

Akavuta kamba ya ishara mara nne. Lakini kamba nayo ilikuwa imepita ndani ya wavu, na wavu ulizimeza zile nne na kupitisha moja. Juu kule shemeji alihisi mvuto mmoja mdogo: niko salama. Naye, kwa adabu, akajibu kwa mmoja: sawa. Fundo akavuta tena nne, kwa hasira. Shemeji akajibu tena: sawa. Baadaye alieleza kwamba alidhani shemeji yake siku hiyo ana furaha.

Geji ya hewa ilionyesha kwamba kuna muda, ila si wa kuchezea. Fundo aliogopa. Hakuogopa kwa ushujaa, aliogopa hasa. Aliwaza pacha zake, na akamwona mkewe anaambiwa na Bi Usalama mlangoni, kalamu tatu mfukoni. Moyo ulimdunda mpaka miwani ikatikisika. Akaweka mkono kifuani kuutuliza moyo, na kitu kikamchoma kiganja.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema lolote kuhusu kinachokuokoa, labda kwa sababu hawakuwa na mke fundi. Fundo alifungua kishikizo cha mfuko alioukataa, akatoa kidude alichokiiba, na akakishika kwa vidole viwili kama alivyomwona mkewe akikishika miaka thelathini. Ncha chini ya uzi, kidoti chekundu upande wa pili, sukuma. Tik. Uzi wa kwanza ulikatika. Tik. Wa pili. Alianzia pale mkono ulipofika, pajani, akakata kuelekea gotini, na alihesabu kwa sababu kuhesabu kulimzuia kupumua haraka. Nyuzi zilikuwa thelathini na nane. Kwenye thelathini na moja mguu ulishuka kidogo. Kwenye thelathini na nane aliachiwa, akavuta kamba mara tatu, na safari hii zikafika tatu.

Alipotolewa majini alikaa gatini na mkia wa wavu mguuni. Shemeji alimtazama, akatazama kile alichokuwa amekishika kwa nguvu mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Shemeji," alisema polepole. "Hicho si kifumulio cha dada?"

Fundo alikifunika kwa kiganja, lakini alichelewa.

"Siku nane," shemeji alisema. "Siku nane nakula mkate."

"Nilitaka kusema."

"Lini? Kwenye mazishi yangu?"

Hakuna aliyepata nafasi ya kuendelea, kwa sababu Bi Usalama alikuwa anakuja na fomu. Mzamiaji akinaswa, hujazwa fomu. Shemeji aliinama, akasahau mkate wake kwa muda, akanong'ona, "Andika kisu. Andika tu kisu, basi. Ukisema mengine unakwenda stoo."

Bi Usalama alikaa juu ya ndoo, akachagua kalamu. "Kifaa kilichotumika kujinasua?"

Fundo alitazama maji. Aliyapenda maji yale machafu kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote. Lakini alikuwa amechoka na uongo mmoja na hakuwa na pumzi ya kubeba wa pili. Akafungua kiganja.

Bi Usalama alikiangalia kile kidude kwa muda. "Hiki ni nini?"

"Kifumulio. Cha mke wangu."

"Na kisu?"

"Kipo," Fundo alisema, akanyanyua mguu. "Hakijapotea."

"Kitoe."

Fundo alijaribu. Shemeji akajaribu. Fundi wa injini aliitwa na koleo, akajaribu, akasifu. Mwishowe Bi Usalama alikichukua kifumulio mwenyewe, akapiga magoti pale gatini, akatazama saa yake, na akaanza kukata mzunguko mmoja mmoja. Kisu kilipotoka, hakikumetameta tena. Ndani ya ala kilikuwa na kutu mpaka kwenye mpini, rangi ya chai ya maziwa.

Aliandika, huku akisoma kwa sauti: "Muda wa kutoa kisu, dakika mbili na sekunde kumi. Nchi kavu. Watu wanne."

Fundo aliinamisha kichwa. "Basi ni stoo."

Bi Usalama alikuwa anatazama zile nyuzi za nta zilizotapakaa. "Kwa nini ulikifunga?"

"Tangazo lako, Bi. Linasema kisipotee."

Bi Usalama alirudisha kalamu mfukoni. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma barua yake mwenyewe kwa macho ya mtu mwingine. "Nililiandika mimi," alisema. "Nilikuwa nimechoka na barua zenu. Sikufikiri kuna mtu atakayeogopa stoo kuliko kufa." Akanyanyuka, akajipangusa magoti. "Nitalibandua leo. Wewe Ijumaa uje na visu viwili vidogo, vyote kifuani. Nitakufunga macho, utatoa kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Ukishindwa hapo, ni stoo kweli. Na huo mfuko ushonwe vizuri. Nani aliufumua?"

"Tutashona," Fundo alisema haraka.

Kile kisu kikubwa kilipelekwa stoo siku hiyohiyo, kikawekwa kati ya makopo ya rangi. Karani alisema kinamsikiliza vizuri.

Lakini Ijumaa haikuwa mtihani ulio mbele. Mtihani ulikuwa nyumbani. Fundo alitembea akipanga maneno, na shemeji akamfuata hatua mbili nyuma, kwa sababu hakutaka kukosa. Walimkuta Mama Pacha kwenye cherehani na pini tano midomoni, kitambaa kwenye kidole gumba. Maneno yote yaliyopangwa yakayeyuka. Fundo aliweka kifumulio mezani mbele yake.

Mama Pacha alikitazama. Akatoa pini ya kwanza akaichomeka kwenye tambara. Akatoa ya pili. Fundo alingoja zote tano, na hajawahi kungoja hivyo hata chini ya kivuko.

"Kilikuwa wapi?"

"Kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Nilikuwa nafumua mfuko wako."

Mama Pacha alimgeukia mdogo wake, aliyekuwa ameganda mlangoni. "Na wewe ingia ndani. Umesimama hapo kama mgeni."

Fundo alieleza. Alieleza kuhusu fundo, na wavu, na nyuzi thelathini na nane. Alitaka kuruka mahali pamoja.

"Na hewa?" mkewe aliuliza.

"Ilikuwepo."

"Ya dakika nne," alisema shemeji, ambaye hawezi kuficha kitu mbele ya dada yake.

Fundo alijiandaa kupigiwa kelele. Alizoea kelele, alijua pa kuzipokelea. Mama Pacha hakupiga kelele. Alichukua kizibao, akakigeuza, akakagua mshono uliofumuliwa. "Umefumua vibaya," alisema. "Umekata na kitambaa." Akachukua uzi mnene wa mahema, akaupeleka kwenye tundu la sindano, akakosa. Akakosa tena. Katika miaka thelathini ya ndoa Fundo hakuwahi kumwona akikosa tundu la sindano, na kitu hicho kilimuuma kuliko wavu.

"Nisamehe," alisema.

"Nishikie uzi."

Alimshikia. Mama Pacha alishona kwa mkono, pande zote, mara nne, mfuko na kizibao vikawa kitu kimoja. Akautenga katikati ukawa na vyumba viwili. Kwenye kimoja akakiingiza kifumulio mpaka Ijumaa, visu vitakapopatikana.

"Na wewe utafumulia nini siku zote hizo?" Fundo aliuliza.

"Sitakosea," alisema, akakata uzi kwa meno. "Vaa. Fumba macho. Mkono wa kulia."

Fundo akavaa kizibao juu ya shati, katikati ya sebule, akafumba macho, akakitoa kifumulio.

"Kushoto."

Akakitoa.

"Tena. Umechelewa."

Shemeji, ambaye alikuwa na siku nane za kufidia na alikwishainusa sufuria, aliuliza kama mtihani hauwezi kuendelea baada ya kula. Mama Pacha alikuwa anahesabu sekunde kwa sauti, na Fundo, macho yamefumbwa, hakuomba kupumzika.